Clem na Njia ya Mtoni

Sallow End, Herefordshire
10 Septemba 1984

Dada yangu Muriel,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi hatujambo, natumaini nawe hujambo pamoja na wageni wako wanaolipia kulala na kifungua kinywa. Plamu mwaka huu zimezaa mpaka matawi tumeyaegemeza kwa fito. Nimepika jemu hadi chupa zikaniishia, nikaomba nyingine kwa mke wa kasisi, naye akanipa zile alizokuwa akiwekea achari. Kwa hiyo jemu yako ikinukia vitunguu usinilaumu mimi, laumu kanisa. Mbweha amebeba kuku wawili, na yule jogoo mwoga amebaki, bila shaka.

Shemeji yako Clem ni mzima. Anakula vizuri. Kila Jumamosi bado anawaongoza watu wa chama cha matembezi kando ya mto, kama ulivyomwona miaka yote, fimbo mkononi na soksi nyekundu hadi magotini. Bi Pargeter wa posta hakosi. Bwana Tombs, yule mwalimu mstaafu, naye hakosi, na ramani yake inaning'inia shingoni ndani ya mfuko wa nailoni. Wote wanakusalimu.

Wiki iliyopita Clem alirudi amelowa mpaka kiunoni. Nikamuuliza imekuwaje, akasema alikuwa anapima kina cha mto. Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikamwekea maji ya moto ya kuchovya miguu, nikamkaangia soseji, mambo yakaisha.

Kwa sasa usinipigie simu. Simu yenyewe ipo pale mlangoni, na Clem siku hizi anapenda kukaa karibu nayo. Niandikie tu, barua naipokea mwenyewe getini.

Ninaogopa, Muriel. Usiniulize naogopa nini. Nilitaka tu niiandike mahali.

Wako,
Avis


Scarside, Northumberland
22 Septemba 1984

Mdogo wangu Avis,

Nimepata barua, nimepata jemu, na chupa moja nimeipata vipande vipande. Iliyobaki tumeila. Inanukia vitunguu kweli, na mgeni mmoja wa kutoka Leeds ameniomba nimwandikie inavyopikwa, akidhani ni mapishi ya kwetu.

Huku upepo umeanza. Nguo nikizianika zinataka kwenda Norway. Afya yangu nzuri, nashukuru.

Sasa tuje kwenye maneno yenyewe. Umeniandikia kurasa tatu za plamu na mbweha, halafu mstari mmoja kwamba unaogopa, halafu unanikataza kuuliza. Ndivyo ulivyo tangu utoto. Ukivunja sahani ya mama, unaanza kwa kueleza hali ya hewa. Mimi ni dada yako, nitauliza. Mwanamume anayeujua mto ule kama kiganja cha mkono wake haingii majini na suruali kupima kina. Shemeji ana nini? Nijibu kwa sentensi moja, usinizungushe.

Ningepanda treni nije mwenyewe, ila paa la upande wa bahari linavuja na fundi ameahidi kuja. Mafundi unawajua. Nikitoka tu, ndipo atakapokuja.

Dada yako,
Muriel


Sallow End
14 Oktoba 1984

Dada Muriel,

Nisamehe kwa kuchelewa. Mara mafua, mara tamasha la mavuno kanisani, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupanga maboga. Hatujambo. Majani ya mierebi yameshakuwa ya manjano, na mto wetu Wye umetulia, unapita taratibu hadi unaona mawe chini. Watu wa mjini wanakuja kwa magari kuupiga picha, wanasema tuna bahati kuishi hapa. Nawaitikia ndiyo.

Umetaka sentensi moja. Sinayo. Nitakueleza kitu kimoja tu.

Unalijua lile lango la kona katika malisho ya Meja Venning, lile la kuzungukia ambalo mtu anapita na ng'ombe hapiti. Clem alilijenga kwa mikono yake mwenyewe. Jumanne aliingia ndani yake akashindwa kutoka. Anasukuma, linamrudia. Anageuka, anasukuma, linamrudia. Mimi nilikuwa nyuma ya ua wa miti, maana siku hizi namfuata kwa mbali kama mdokozi, na niliuona uso wake. Sijawahi kuuona uso ule kwa mume wangu. Alikuwa anamtazama ng'ombe wa Meja kana kwamba ng'ombe atamwelekeza.

Nikatoka pale, nikajifanya napita zangu kwa bahati. Nikamwambia, "Clem, unanidai busu nini?" Maana ndiyo desturi ya malango yale, ukikutana humo na mpenzi wako hapiti mpaka alipe busu. Akanibusu. Nikamshika mkono nikamtoa. Akasema, "Nilijua utakuja."

Ni uchovu. Ana miaka sabini na mbili, mtu wa umri huo huchoka. Nimemshonea jina na mahali tunapoishi ndani ya kola ya koti, kama mtoto anayeanza shule. Hajaligundua.

Linaloninyima usingizi ni matembezi ya mwaka, Jumamosi ya kwanza ya Novemba. Sharti njia nzima ya mtoni ipitwe kila mwaka na kundi la watu wanaoonekana, la sivyo Meja atadai njia imekufa na atafunga lango. Kuongoza ni Clem, tangu vita viishe ni Clem. Nimemwambia mwaka huu apumzike. Akaniuliza, "Nipumzike nini?" Na nikienda kuwaambia wenzake, si nitakuwa nimemvua nguo hadharani? Mto ule una mahali ambapo ukiteleza huonekani tena. Naogopa hadi kijiko kinagonga kikombe nikinywa chai.

Usinijibu kwa ukali, tafadhali.

Avis


Scarside
20 Oktoba 1984

Avis, mdogo wangu,

Sitakujibu kwa ukali. Wageni wa Leeds wameondoka, mmoja amesahau meno yake ya bandia kwenye glasi, nimeyatuma kwa posta. Basi, habari ndiyo hiyo.

Sasa nitaandika mimi, ili usilazimike wewe. Clem akili zinamtoka. Siyo uchovu. Nimeiandika, na umeisoma, na umeona kuwa kuta za nyumba bado zimesimama.

Nayajua haya. Baba alipoanza wewe ulikuwa Misri na wauguzi wa jeshi, mimi ndiye niliyekuwa nyumbani. Ulirudi kuzika. Sitaandika zaidi ya hapo.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Nenda kwa Bi Pargeter. Kunywa chai yake, kula keki yake, halafu mwambie. Jumamosi ile asiongoze. Na mto wenu ule ni mnafiki, unajua kuliko mimi: kwenu jua linawaka, kumbe Wales, mto unakoanzia, mvua imenyesha tangu juzi, na maji yako njiani yanakuja. Akiwapotosha siku kama hiyo, hutazika mume tu, utazika na majirani.

Usikasirike. Ukikasirika, kasirika, lakini nenda.

Paa bado. Fundi kasema wiki ijayo.

Muriel


Scarside
4 Novemba 1984

Avis,

Hujaniandikia. Nilidhani umenuna, nikasema acha anune, atanyamaza atachoka. Halafu leo Jumapili redio ikasema Wye umevunja kingo na malisho yako chini ya maji.

Najua ulinikataza simu. Nilipiga. Akapokea Clem, sauti nzuri kabisa, changamfu. Nikamwambia nipe Avis. Akasema, "Avis hayupo. Aliingia mtoni." Nikamwambia Clem, umesemaje? Akasema, "Aliingia mtoni, bado sijamwona akitoka," halafu akanitakia Jumapili njema akakata.

Nimepiga tena na tena. Haipokelewi. Namba ya Bi Pargeter sina, ya kasisi sina. Hata wino huu nimeumwaga, utaniwia radhi kwa doa. Sijui hata barua hii naiandika kwa nani.

Nikiitia kwenye sanduku sasa hivi, nitawapigia polisi wa Hereford. Watanicheka wacheke.

Avis, andika. Andika hata habari za kuku.

Muriel


Sallow End
16 Novemba 1984

Dada yangu mpenzi,

Niko hai. Naandika nikiwa kitandani, mito mitatu mgongoni, homa ya mapafu, daktari anasema nitapona nikiacha kuinuka kuangalia jiko. Kuku wazima, kwa kuwa umeuliza.

Konstebo wako alikuja. Alisimama chumbani kwangu na kofia mikononi, uso umemwanguka, mimi nikadhani amekuja kuniambia Clem amekufa, nikaanza kulia. Yeye akanitazama akasema, "Samahani mama, wewe ndiye niliyeambiwa umekufa." Tulikunywa chai.

Sikununa, Muriel. Nilikuwa na aibu. Ijumaa, siku moja kabla ya matembezi, nilikwenda kwa Bi Pargeter kama ulivyoniagiza. Nikanywa chai. Nikala keki, vipande viwili. Tukaongea kuhusu figo za mbwa wake. Nikarudi nyumbani sijasema neno.

Jumamosi asubuhi kulikuwa na jua safi, ukungu mwepesi juu ya mto, sandwichi mifukoni, kila mtu anamwambia mwenzake siku imetoka nzuri. Tukapita lango la Meja, mimi nimemtangulia Clem ili asibaki humo. Tukaenda vizuri mpaka kwenye ule mwerebi ulioanguka. Pale njia inagawanyika. Ya kulia inapanda kwenye tuta la reli ya zamani, ndiyo yetu. Ya kushoto inashuka kwenye yale malisho ambayo mto unayazunguka pande tatu, hayana pa kutokea.

Clem akasimama. Akageuka akatutazama sote, mmoja mmoja. Nasi tukasimama tukimtazama yeye. Halafu akashika kushoto.

Tukamfuata, Muriel. Wote. Kila mmoja pale ameipita njia ile miaka na miaka. Bwana Tombs alitoa ramani, akaitazama, akaikunja, akafuata. Mimi mkewe nikafuata. Nilikuwa najiambia, atagundua, atageuka mwenyewe, hakuna haja ya kumwaibisha.

Maji hayakuja kwa kishindo. Yalitokea nyuma yetu, ndani ya nyasi tulizotoka kuzikanyaga. Ule mtaro tuliouruka ukiwa mkavu ukaanza kung'aa. Jua bado linawaka, ndege wanaimba. Bi Pargeter akageuka akasema, "Naona kuna maji kidogo."

Bwana Tombs akasema, "Kidogo, naam."

Tukaendelea kutembea kuelekea mtoni. Ndivyo tulivyo watu wa hapa. Nyumba ikituungulia tutasema leo kuna kajoto.

Basi pale moyo wangu ukapasuka. Nikasimama katikati ya malisho nikapiga kelele, mimi, ambaye hata kanisani naimba chini chini. Nikasema, "Simameni. Clem hajui tulipo. Hajui tangu mwanzo wa mwaka. Akili zinamtoka mume wangu na mimi nimewaficha, na sasa nitawaua."

Bi Pargeter akaja akanishika kiwiko. "Tunajua, mpenzi," akasema. "Tangu Pasaka tunajua. Tulikuwa tunakungoja wewe useme."

Nikamwuliza, "Mnajua, na mkamfuata huku?"

Bwana Tombs akakohoa. "Isingekuwa adabu kumpita," akasema.

Sijui kama nilicheka au nililia. Hapakuwa na nafasi ya vyote viwili. Mtaro ulikuwa umekwisha kuwa mto. Ilibidi tuuvuke tulifikie tuta, maji yakatufika kifuani, baridi ya kukata pumzi, tumeshikilia waya wa ua wa Meja, mmoja nyuma ya mwingine. Clem aligoma kuingia. Alikuwa ameshika nguzo, macho yamemtoka, ananiambia, "Sitaki, sitaki." Nikambandua kidole kimoja kimoja. Nilimfanyia hivyo mume wangu, nikamwingiza majini kwa nguvu.

Katikati akateleza. Koti likaelea, kichwa kikazama, na mkono wangu ukabaki mtupu. Nikauachia waya. Sikufikiri. Nilichukuliwa, nikamgusa, nikampoteza, nikamgusa tena. Alikuwa amenasa kwenye kichaka cha miiba. Nikamshika kola tukabaki pale wawili, maji yanatuvuta, nikawa namwambia tu, "Nipo, nipo, nipo," mpaka Bwana Tombs alipotufikia na mpini wa fimbo yake akatuvuta kama magunia. Wote tulitoka. Bi Pargeter alipoteza buti moja, anadai ndiyo ilikuwa ya mguu wenye maumivu.

Tukakaa juu ya tuta, tumefunikwa makoti ya wenzetu, tunagongana meno. Clem akasema, taratibu, akiwa na akili zake zote, "Nimekuwa nikiwafuata ninyi."

Nikamwuliza ana maana gani.

"Tangu masika," akasema. "Nikifika njiapanda nageuka, kama nawahesabu. Naangalia miguu ya Pargeter imeelekea wapi, naenda huko huko. Leo wote mlisimama sawasawa."

Halafu akanigeukia mimi. "Nilikuwa naogopa sana, Avis. Nikadhani wewe hujaona. Sikutaka kukutisha."

Miezi yote hiyo, Muriel. Kitanda kimoja, meza moja, kila mtu anatetemeka upande wake na kumpitishia mwenzake siagi.

Hilo alilokuambia kwenye simu hakukosea sana. Mimi nilikuwa ghorofani na homa, yeye alikuwa amekaa pale mlangoni ananingoja nitoke majini. Alikaa hapo siku nzima, hataki kula. Bi Pargeter ndiye aliyempandisha juu akamwonyesha kuwa nipo.

Maji yalipopungua wenzetu walimalizia kipande kilichobaki, kwa hiyo njia imepitwa, Meja hana la kusema. Sasa Pargeter na Tombs wanapokezana kuja kumtembeza, mmoja mbele, mmoja nyuma. Lakini nisikudanganye, bado naogopa. Asubuhi akifumbua macho, naona kabisa anatafuta jina langu kabla hajaniita. Bado analipata.

Njoo, dada. Paa liache livuje.

Avis


Scarside
23 Novemba 1984

Avis wangu,

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nimekaa nikaisoma tena. Namshukuru Mungu, na miiba, na yule Tombs. Mwambie nikimwona nitambusu, na hilo halihitaji lango.

Fundi alikuja mwezi wa kumi. Paa halivuji. Treni zipo, na wageni hawapo, majira haya nani anakuja pwani.

Nitakwambia, kwa kuwa wewe umeniambia. Asubuhi moja nilimlisha baba uji, nikamfuta mdomo, nikatoka kununua mkate. Niliporudi alinifungulia mlango yeye. Alinivulia kofia. Akaniita bibi, akaniuliza kwa upole sana nimekuja kumtafuta nani katika nyumba hii. Nilisimama pale kizingitini na mkate wangu nikashindwa kusema ni nani. Sijaolewa, sina mtoto, nilikuwa binti yake tu, na yeye ameniondolea hata hilo.

Clem ndiye peke yake duniani anayeniita Muri. Harusini kwenu alicheza nami kila wimbo ambao hakuna aliyenijia, na hajawahi kunikumbusha. Nikifika hapo akanivulia kofia, Avis, mimi sitaweza. Nilikuagiza wewe uwe shujaa huku nimejificha nyuma ya paa.

Nipe muda. Nitakuja Pasaka, nikiwa nimepata moyo. Ninaogopa, na mimi usiniulize zaidi.

Muriel


Sallow End
2 Desemba 1984

Dada Muriel,

Salamu. Nimeshuka kitandani. Leo barafu nyembamba imeganda kwenye ndoo ya kuku, na Wye umerudi ndani ya kingo zake, unapendeza.

Barua yako nilimsomea Clem, yote, hata pale pa baba. Nimekoma kuficha. Alisikiliza hadi mwisho, akaniomba kalamu. Imemchukua asubuhi nzima, na karatasi tatu ametupa motoni. Sijamsaidia wala sijasahihisha. Ninaiweka hapa chini kama alivyoiandika.

Avis

Muri
Pasaka ni mbali. Leo nakujua.
Clem